Barua ya Marshali Peng Dehuai: je, alikosea kuiandika?

Mleta mada

Wakuu, salaam. Wiki nzima nimebishana na shemeji yangu, mwalimu wa historia, kuhusu Peng Dehuai, yule Marshali wa China aliyemwandikia Mao barua mwaka 1959 akaishia kufa kizuizini. Shemeji anashikilia kwamba mzee alijitakia, maana waziri wa ulinzi hana kazi ya kuhesabu mpunga wa wakulima. Mimi nashikilia kwamba ilikuwa kazi yake hasa, na kwamba lawama ni ya wale waliojua anasema kweli kisha wakanyoosha mikono kumhukumu. Nimeona niilete hapa, wenye hoja waje nazo.

Kwa ambao jina hili ni geni, nianze na mtu mwenyewe. Alizaliwa 1898 Xiangtan, mkoa wa Hunan, wilaya ileile aliyotoka Mao. Tofauti ni kwamba nyumbani kwa Mao palikuwa na akiba ghalani, kwa Peng palikuwa na njaa. Mama yake alifariki yeye akiwa bado mtoto mdogo, na mdogo wake mchanga akafa kwa kukosa chakula. Siku ya kwanza ya mwaka mpya, majirani wakisherehekea, yeye na mdogo wake mwingine walitumwa kwenda kuombaomba. Kesho yake aligoma. Bibi yake, kikongwe wa zaidi ya miaka 70, ndiye aliyeshika fimbo akatoka kuomba badala yake, na Peng akaenda mlimani kukata kuni. Haya aliyaandika mwenyewe uzeeni, akiwa chini ya ulinzi. Baadaye alichimba makaa ya mawe, akabeba udongo wa kujengea kingo za ziwa Dongting, na 1916 akaingia jeshini.

Jeshini nitapita haraka. Julai 1928 aliongoza maasi ya Pingjiang, kisha akaungana na Mao milimani Jinggangshan. Alikuwamo kwenye Mwendo Mrefu wa 1934 na 1935, na Mao akamtungia beti za kumsifu. Mwaka 1940 aliongoza Mashambulizi ya Vikosi Mia dhidi ya Wajapani. Oktoba 1950, kamanda mwenzake Lin Biao akiwa ametoa udhuru wa ugonjwa, Peng alikubali kuvuka mto Yalu kwenda kupigana na Wamarekani Korea. Tarehe 25 Novemba mwaka huohuo ndege zilichoma makao yake makuu, na mtoto wa kwanza wa Mao, Anying, akafia humo. Vita viliposimama Julai 1953, Peng ndiye aliyetia saini kwa upande wa China. Mwaka 1954 akawa waziri wa ulinzi, na 1955 Marshali, wa pili katika orodha ya kumi.

Sasa barua. Mwaka 1958 China iliingia kwenye kampeni ya Hatua Kubwa Mbele. Wakulima waliwekwa kwenye komyuni wakila jiko moja, na watu wakaambiwa wayeyushe chuma kwenye tanuri za uani. Miti ya matunda ilikatwa kuwa kuni, sufuria zikaingia motoni, na mazao yakaozea shambani kwa kuwa wenye nguvu walikuwa kwenye chuma. Mwisho wa mwaka ule Peng alikwenda Hunan kujionea. Kule Pingjiang, palepale alipoanzisha maasi miaka 30 nyuma, alioneshwa takwimu za mavuno. Akazichunguza akakuta zimepinduliwa: mavuno mazuri ya 1957 yameandikwa kuwa ya 1958, na yale mabaya ya 1958 yamerudishwa nyuma mwaka mmoja.

Julai 1959 viongozi walikutana Lushan, mlima wenye ubaridi mkoani Jiangxi. Tarehe 13 Peng alikwenda kumwona Mao wazungumze ana kwa ana. Mlinzi akamwambia Mwenyekiti ndio kwanza kalala. Akarudi chumbani kwake, akaandika. Tarehe 14 barua ikafika.

Haikuwa barua ya matusi. Alianza kwa kujishusha, akasema yeye ni mtu asiye na makuu, mfano wa Zhang Fei, yule shujaa wa hadithi za kale za Wachina: ana ukorofi wake lakini hana umakini wake. Akasifu mafanikio ya 1958. Halafu, kwa upole, akataja kutia chumvi kwenye takwimu, akataja "jazba ya mabwanyenye uchwara", na kuhusu zile tanuri akasema kulikuwa na "hasara na faida". Wenye macho makali waliona ametanguliza hasara.

Tarehe 16 Mao aliichapisha barua ile na kuigawa kwa wajumbe wote, ikiwa na kichwa kinachoiita waraka wa maoni, kichwa ambacho mwandishi hakukiweka. Tarehe 18 Peng aliomba irudishwe, akaeleza kwamba aliiandika kwa haraka. Tarehe 23 Mao akasimama na kusema kwamba jeshi lisipomfuata atarudi vijijini akaunde Jeshi Jekundu jingine. Kufikia katikati ya Agosti Peng alikuwa ameshaitwa kiongozi wa genge linalokipinga Chama cha Kikomunisti, pamoja na mkuu wa majeshi Huang Kecheng, naibu waziri wa mambo ya nje Zhang Wentian, na Zhou Xiaozhou aliyeongoza Chama mkoani Hunan. Septemba Lin Biao akakalia kiti chake.

Swali langu: alikosea kuandika?

Mchangiaji, mwanajeshi mstaafu, Tabora

Mleta mada, nimevaa gwanda miaka 24, nitasema kama askari. Shemeji yako ana hoja.

Kuna mambo mawili unayachanganya. Moja ni ukweli wa maneno ya Peng, na hapo sina ubishi. La pili ni nani anayasema. Angekuwa waziri wa kilimo, ingekuwa taarifa ya kazi. Lakini huyu ni mtu mwenye vikosi. Mwenye vikosi akimwambia mkuu wa nchi kwamba sera yako imeleta hasara, hata akisema kwa sauti ya chini, aliyeambiwa anasikia vifaru vikiwashwa. Wao wenyewe walikuwa na kanuni yao kwamba Chama ndicho kinachoiamuru bunduki. Peng aliijua kanuni hiyo kuliko sisi.

Tena tazama wakati. Alikuwa ametoka kwenye ziara ya Ulaya Mashariki ya wiki nyingi, amekutana na Khrushchev, kiongozi wa Wasovieti, huko, na Juni ileile Wasovieti walikuwa wamevunja ahadi ya kuisaidia China kutengeneza bomu la atomiki. Unarudi kutoka huko, mwezi unaofuata unaandika barua ya lawama. Mimi ningekuwa afisa usalama ningeuliza maswali.

Na swali zito zaidi: Agosti 1958, viongozi walipopitisha yale malengo ya chuma na zile komyuni, Peng alikuwa mjumbe wa Politiburo, yaani kundi la viongozi wa juu wa Chama. Hakupinga. Kwetu tulifundishwa kwamba pingamizi unalitoa kabla ya amri kutoka. Ikishatoka, unatekeleza.

Mchangiaji, Mombasa

Ndugu yangu mleta mada, simulizi yako nzuri lakini umeruka mwaka mzima, na ndio mwaka wenyewe.

Mwaka 1958, kuanzia Mei hadi Julai, Tume ya Kijeshi ilikaa kikao kirefu cha kuwasaka waliodaiwa kuiga Wasovieti kikasuku jeshini. Kikao kile kikiongozwa na nani? Na Peng Dehuai. Marshali Liu Bocheng, mzee mgonjwa aliyekwishapoteza jicho moja vitani, aliletwa kutoka Nanjing kuja kujikosoa mbele ya maafisa waliokuwa wanafunzi wake. Jenerali Su Yu, aliyeshinda vita vikubwa kuliko wengi wao, akapoteza ukuu wa majeshi mwaka uleule. Xiao Ke naye akaangushwa. Watu hawa hawakuwa na hatia, na Chama chenyewe kilikuja kukiri baadaye.

Mwaka mmoja tu mbele, Lushan, kamba ileile ikamrudia. Mchuma janga hula na wa kwao. Mimi simfurahii, Wallahi, maana alikufa kifo kibaya. Lakini mtu aliyeshika fimbo jana tusimpambe leo kama hakuijua fimbo.

Mchangiaji, bwana shamba mstaafu, Mbeya

Nimesoma hapa kimyakimya, ila mambo ya mavuno ni ya kwangu, naomba niyaseme.

Agosti 1958 gazeti la Chama kule China lilitangaza kwamba Macheng, mkoa wa Hubei, wamevuna jini 36,956 za mpunga kwa mu moja. Jini ni nusu kilo. Mu ni kipande kidogo, sita hivi ndizo zinatimiza eka. Nimechukua kalamu: ni zaidi ya kilo 18,000 kwenye kipande hicho. Ukikipanua kiwe eka unapata zaidi ya gunia 1,100 za kilo mia mia. Huku kwetu mkulima wa mpunga akipata gunia 30 kwa eka anamshukuru Mungu. Waliofanya hivyo walihamisha mimea ya mashamba mengi wakaibananisha kwenye shamba moja, wageni waje wapige picha.

Na mimi najua namba inavyokua. Nilikuwa nikienda na daftari, napima ploti, nahesabu mashuke, naandika gunia 9. Taarifa ikifika juu ofisini inasoma 14. Siku moja nikauliza, nikaambiwa "mwenzako wa kata jirani kaleta 15, unataka tuonekane tumelala?" Nilinyamaza. Nilikuwa na watoto watatu shuleni.

Kwa hiyo mtu aliyekaa juu kule, ambaye hana haja ya kuogopa kupoteza mshahara, akashuka hadi Pingjiang na kuchunguza takwimu mpaka akagundua zimepinduliwa, mimi namvulia kofia. Baada ya kufukuzwa kazi alihamishiwa kiungani mwa Beijing, kwenye nyumba ya zamani iliyoitwa Bustani ya Ukoo wa Wu. Huko alichukua kipande cha ardhi akapanda ngano kwa mikono yake, akatia mbolea, akamwagilia, akavuna na kupima, ili aone ardhi ikihudumiwa kikamilifu inatoa kiasi gani. Marshali wa miaka zaidi ya 60. Hilo linanitosha kujua kwamba barua ile haikuwa ya kutafuta cheo.

Mchangiaji, Nairobi

Hoja zote hapo juu ni nzuri lakini bado hatujagusa penye uchungu. Mimi simuulizi Peng kama alikuwa na haki ya kusema. Namuuliza barua ilizaa nini.

Kabla ya Lushan, Mao mwenyewe alikuwa ameanza kurudi nyuma. Kuanzia Novemba 1958 kulikuwa na vikao vya kupunguza kasi, malengo ya chuma yakashushwa, wakulima wakarudishiwa vibustani vyao. Kikao cha Lushan kiliitishwa ili kuendelea kurekebisha. Barua ikafika, Mao akaisoma kama shambulio, na meli nzima ikageuzwa. Badala ya kurekebisha makosa, ikaanza kampeni ya kuwasaka "wenye mwelekeo wa kulia". Zaidi ya watu milioni 3 walibandikwa jina hilo. Ofisa yeyote wa wilaya akaelewa kwamba kutaja njaa ni kuwa Peng Dehuai mdogo. Kule Xinyang, mkoani Henan, watu karibu milioni moja walikufa, wengi wao majira yale ya baridi ya kuingia 1960, huku maghala ya serikali yakiwa na nafaka. Na mwaka huohuo wa 1959 China iliuza nje zaidi ya tani milioni 4 za nafaka. Kwa nchi nzima, makadirio ya wanahistoria yanaanzia vifo milioni 15 na kupita 40.

Angesubiri wiki mbili? Angezungumza kwenye kundi lake la majadiliano tu? Angemtuma waziri mkuu Zhou Enlai? Kusema kweli ni jambo moja, na kuisema kwa namna itakayosikika ni jambo jingine.

Mleta mada

Nashukuru, mmenifanya nifikiri zaidi ya shemeji.

Nianze na ndugu wa Mombasa, kwa kuwa yeye kanipiga mahali ambapo sina ngao. Ni kweli. Wazo la kikao kile lilitoka kwa Mao, lakini Peng alikiongoza kwa bidii, na Liu Bocheng hakustahili. Sikulitaja nikiogopa litadhoofisha hoja yangu. Haikuwa haki, naliingiza sasa. Ila silikubali hadi mwisho ulikolifikisha. Mtu aliyewahi kutenda dhuluma hapotezi wajibu wa kusema anapoona wakulima wanakufa njaa.

Afande wa Tabora, suala la Khrushchev lina jibu. Khrushchev alizikosoa komyuni hadharani akiwa Poland siku chache baada ya barua, si kabla. Na hadi leo haujawahi kutolewa ushahidi wowote kwamba Peng alipokea maagizo kutoka nje. Mwaka 1962 aliandika maelezo marefu ya maneno 80,000 kwa hesabu ya Kichina, akiomba achunguzwe. Mwenye siri haombi uchunguzi.

Kuhusu vifaru: hakusogeza hata kikosi kimoja. Hakuita maafisa, hakwenda gazetini. Alimwendea mkuu wake mlangoni, akaambiwa kalala, akamwachia karatasi yenye jina lake. Hebu niambie, kuna njia gani ya chini kuliko hiyo? Kama karatasi ya namna hiyo ni uasi, basi hakuna namna yoyote ya kumwambia mkubwa jambo. Na jeshi lile lilikuwa la watoto wa wakulima. Askari walipata barua kutoka nyumbani zikisema hakuna chakula. Waziri wa ulinzi ambaye askari wake wanalia usiku kwa ajili ya mama zao, hilo si jambo la wizara yake?

Lakini unaposema alinyamaza Agosti 1958, hapo umenishika. Alinyamaza. Ninachoweza kusema ni kwamba alikwenda kuona kwa macho yake miezi michache baadaye, na alipoona akabadilika.

Ndugu wa Nairobi, wewe ndiye umeninyima usingizi. Ni kweli kwamba baada ya Lushan mambo yaliharibika zaidi. Ila angalia mnyororo wako: barua ikaandikwa, Mao akakasirika, kampeni ikaanza, watu wakafa. Katikati ya barua na vifo kuna mamia ya watu wazima waliokuwa na hiari. Liu Shaoqi, rais wa nchi, alikuwapo, akamshambulia Peng. Januari 1962, mbele ya makada 7,000, Liu huyohuyo akasema wakulima wanaeleza kwamba janga lile lilikuwa tatu kwa kumi la hali ya hewa na saba kwa kumi la watu. Yaani yaleyale ya Peng! Na hotuba hiyohiyo ikasema Peng hawezi kusafishwa. Zhang Wentian alithubutu kusimama tarehe 21 Julai akazungumza saa tatu. Zhu De, Marshali wa kwanza katika orodha, alijaribu kumtetea kwa upole. Wangesimama wengine kumi tu wa kimo chao, Mao angewafukuza wote?

Unasema asubiri wiki mbili. Nafaka ilikuwa inapakiwa melini wakati huo.

Mchangiaji, Nairobi

Mao angewafukuza wote, ndio. Alikwisha kusema atarudi vijijini kuunda jeshi jingine, na kila aliyekuwapo alimwamini. Wewe unawadai ujasiri watu ambao walikuwa wamemwona Peng, mwenye medali zote hizo, akivunjwa kwa siku tisa. Bado nasema njia ilikuwapo nyingine. Lakini hilo la nafaka melini nalichukua.

Mchangiaji, Mombasa

Mleta mada, kukubali kwako kunatosha, tumemaliza upande wangu. Niongeze tu kwamba nimesikia watu wanamfananisha Peng na wale mawaziri wa ulinzi wa China wa juzi, Wei Fenghe na Li Shangfu, waliofukuzwa kwenye Chama Juni 2024. Wale waliondolewa kwa tuhuma za rushwa. Huyu alifukuzwa kwa karatasi. Tusiwaweke kapu moja.

Mchangiaji, mwanajeshi mstaafu, Tabora

Hoja ya kwenda mlangoni na kuambiwa kalala sikuwa naijua. Naikubali. Kwenye mnyororo wa amri, kumwandikia mkuu wako moja kwa moja kwa jina lako si uasi, hata kwetu inaruhusiwa. Kosa ninalobaki nalo ni lile la Agosti 1958, na hapo hujanijibu kikamilifu.

Nina swali moja la kiaskari. Huyu alikuwa Marshali. Alizikwa kwa heshima za kijeshi?

Mleta mada

Hapana, afande. Mwaka 1965 alipelekwa Sichuan, kwenye miradi ya viwanda vya kijeshi vilivyojengwa milimani, naibu wa tatu wa ofisi. Mwisho wa 1966 Walinzi Wekundu, wale vijana wafuasi wa Mao, walimkamata Chengdu wakamrudisha Beijing. Mwaka 1967 alipigwa kwenye mikutano ya hadhara mpaka mbavu zikavunjika. Alikufa kwa saratani tarehe 29 Novemba 1974, bado akiwa chini ya ulinzi. Hakuwa na mtoto. Mwili ulichomwa kimyakimya, na kwenye kisanduku cha majivu wakaandika: Wang Chuan, mwanamume, umri miaka 32, mtu wa Chengdu. Mwenyewe alikuwa na miaka 76, mtu wa Xiangtan.

Liu Shaoqi, niliyemtaja hapo juu, alikufa kizuizini Kaifeng miaka mitano kabla yake, naye akachomwa kwa jina la uongo.

Kisanduku cha Wang Chuan kilikaa Chengdu miaka minne. Desemba 1978 Chama kilimsafisha Peng, majivu yakasafirishwa hadi Beijing, na tarehe 24 mwezi huo kukawa na ibada ya kumbukumbu, Deng Xiaoping akisoma wasifu. Huang Kecheng alikuwa bado hai.